Mikonga Kumi na Minne

Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyepiga simu Hospitali ya Mtakatifu Gertruda, pale chini ya milima ya Matogoro, alipokewa na Lidwina Luambano. "Gertruda, Tumsifu Yesu Kristo," ndivyo alivyoanza, awe anayepiga ni padri, mganga mkuu au mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Mwislamu akimjibu kwa salamu yake, Lidwina aliipokea vizuri tu, akauliza shida, kisha akamuunganisha na anayemtaka.

Alikuwa haoni tangu ana miaka minne. Surua ilipita kijijini kwao ikaua watoto wawili wa jirani. Yeye ikamwachia uhai, ikachukua macho. Baba yake, mkulima wa mahindi asiyejua kusoma, alisikia kwamba kuna shule ya wasioona, akauza ng'ombe wake na kumpeleka. Huko alisoma nukta nundu, akamaliza kidato cha nne, akafundishwa uopereta wa simu. Aliolewa na mlinzi wa hospitali, akazaa mtoto mmoja, Aidan, ambaye sasa ni fundi wa malori Makambako, naye Lidwina alikuwa na miaka mitano ya ujane. Ulimi wake ulikuwa mkali kidogo. Hakupenda kushikwa kiwiko na kusukumwa kama toroli. Aliyetaka kumwongoza alitakiwa kutoa bega, yeye ashike mwenyewe.

Mvua za kwanza za mwaka juzi zilipoanza, radi ilipiga nguzo nyuma ya jiko la hospitali. Lidwina alikuwa anamuunganisha daktari na maabara. Alisikia mlio kama bati linapasuliwa, mkonga wa simu ukamruka mkononi, na chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Akafuata ukingo wa meza mpaka mlangoni, akapiga kelele, "Jamani, zimeni umeme! Swichibodi inaungua!" Walipofika na ndoo za mchanga, sanduku lote la kuunganishia simu lilikuwa limeshayeyuka ndani. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alilitazama mara moja, akasema vipuri vyake havitengenezwi tena popote.

Katibu wa hospitali, Bwana Rupert Mapunda, hakuona msiba mkubwa. "Siku hizi nani hana simu ya mkononi?" alisema kwenye kikao. "Tufungue kundi la WhatsApp, mambo yaishe."

Kundi likafunguliwa, na mambo hayakuisha. Simu ya mkononi ni ya mtu, na mtu akimaliza zamu anaondoka nayo. Muuguzi wa wodi ya watoto alipiga kuomba mtungi wa oksijeni, simu ya mtunza stoo ikapokelewa mtaa wa Bombambili, ndani ya ngoma za harusi. Mwingine kifurushi kimekwisha, mwingine chaji hana, mwingine ameizima mlio kwa sababu yuko misani. Haikupita miezi miwili, wahudumu wakarudi kukimbia kwenye korido na vikaratasi mikononi.

Lidwina alihamishiwa mapokezi, kazi yake ikawa kusalimia wageni. Sista Noela, matroni, ambaye alimpenda kwa dhati, alikuja siku ya kwanza akamwekea mto kwenye kiti. "Mama Aidan, pumzika kidogo sasa. Umefanya kazi sana."

Alimshukuru. Lakini neno lile, pumzika, lilimkera siku nzima. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miguu mizima, masikio mazima, na watu walikuwa wanapita mbele yake kwa haraka ambayo yeye hakuwa na sehemu ndani yake tena.

Basi asubuhi moja ya Februari akaja Kassimu. Huyu alikuwa fundi wa vifaa wa hospitali, mtu wa Nakapanya, wa makamo, mpole, mwenye kutengeneza chochote kuanzia mashine ya kuwapa joto watoto njiti mpaka kompyuta za kuandikishia wagonjwa.

"Shikamoo, Mama Aidan."

"Marahaba, fundi. Umekuja kutengeneza kiti changu? Maana ndicho tunachofanya kazi nacho siku hizi."

Kassimu akacheka kwa aibu. "Nimekuja kuuliza namba za ndani. Orodha iliungua."

"Haikuungua," alisema Lidwina, akaanza. Maabara kumi na mbili, duka la dawa kumi na tatu, wodi ya wazazi ishirini, chumba cha upasuaji ishirini na moja. Akazimwaga zote thelathini na nane, Kassimu akiandika kwa kukimbizana naye. Alipomaliza akauliza, "Za nini?"

Kassimu akavuta kiti. Waya za kompyuta, alieleza, zilikuwa zimeshafika kila wodi, na sauti inaweza kupita humohumo kama barua inavyopita. Kilichokosekana ni simu zenyewe. Za kununua zingeagizwa mbali, na katibu hakutaka hata kusikia. "Lakini simu ni nini, mama? Ni sikio, mdomo, vitufe, na mahali pa kulaza mkonga. Ninavyo vijikompyuta fulani, kila kimoja ubao mmoja tu, mdogo kama pakiti ya sigara. Havikutengenezwa kwa kazi moja. Mwenzangu mmoja anaendeshea pampu ya maji, mwingine taa za banda la kuku. Mimi nataka kukifanya simu."

"Na mikonga?"

"Nitaing'oa kwenye zile simu zilizokufa. Zimejaa stoo."

"Basi chukua ile mizito ya zamani," Lidwina alisema, na kwa mara ya kwanza tangu radi alijisikia anasema jambo lenye kazi. "Ile muuguzi anaibana kwa bega, mikono yake ikaendelea na mgonjwa. Ile myembamba inateleza."

Wiki tatu baadaye Kassimu alimletea simu ya kwanza, akaiweka mezani kwa fahari. Lidwina akaipapasa. Mkonga aliujua. Chini yake vidole vyake vikakutana na kitu baridi, laini, kitupu.

"Kassimu. Hapa nashika dirisha."

"Ni kioo cha kugusa, mama. Namba zinatokea humo. Nilitaka ipendeze."

"Impendeze nani? Mimi siioni. Muuguzi mwenye glovu zilizolowa hataiweza. Bibi mfua nguo, vidole vyake vimekakamaa kwa sabuni, ataipiga ngumi."

Kassimu aliibeba simu yake akaondoka, na Lidwina akabaki akijilaumu kwamba amesema kwa ukali mno, mpaka aliporudi tena siku ya Jumatatu na sanduku la mbao nyepesi, kazi ya seremala wa Lizaboni, lenye vitufe halisi vya kubonyea, na kipele kidogo juu ya tano ili kidole kijue kiko wapi. Ukiinua mkonga, kidude kilipanda na simu ikaamka. Ukiulaza, kikazama kwa mlio wa tak. Lidwina aliuinua na kuulaza mara sita, saba, kama mtoto.

Wakaanza kujaribu, yeye mapokezi, Kassimu karakana kwake. Maneno yalifika safi, lakini kulikuwa na kitu. "Nasema, nanyamaza, kisha sote tunaanza pamoja," Lidwina alilalamika. "Unachelewa."

"Sichelewi, mama. Kwenye kompyuta naona inapita mara moja."

"Wewe unaona. Haya, tuhesabu. Mimi moja, wewe mbili, mimi tatu. Kwa kasi."

Utotoni alikuwa ametwanga mahindi na dada yake kwenye kinu kimoja, mchi wake ukishuka wa mwenzake ukipanda, na alijua mwendo huo unavyokuwa watu wawili wakiwa sawa. Walihesabu. Walipofika saba mwendo ukavunjika. Wakarudia, ukavunjika tena. Lidwina akasikia kicheko cha Kassimu upande wa pili.

"Umenikamata. Programu inakusanya maneno kwanza kabla ya kuyaachia, kama karani anayesubiri barua zifike kumi ndipo atume mtu. Niliiachia nafasi kubwa kwa kuogopa sauti isikatike."

Alipunguza nafasi hiyo, wakahesabu. Akapunguza tena mpaka sauti ikaanza kukatika, akarudisha kidogo. Ilikuwa karibu saa sita mchana ya siku ya tatu walipofika mia moja bila kugongana, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la mapokezi wakapiga makofi wasijue wanapigia nini.

Mwezi wa tano, mbali na ile ya karakana, simu nne ziliwekwa kwa majaribio: wodi ya wazazi, maabara, duka la dawa na mapokezi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu kila aliyeushika mkonga alipayuka. Watu wapole kabisa, waliozoea kunong'ona, wakiiweka ile simu sikioni walipiga kelele kama wanaitana ng'ambo ya mto. Siku ya nne mtu wa maabara, Beda, alimsomea muuguzi majibu ya vipimo, na muuguzi akayarudia kwa sauti ili kuhakikisha, jina la mama na ugonjwa wake, mpaka korido nzima ikasikia. Yule mama alijifunika kanga usoni, akadai aruhusiwe kwenda nyumbani.

Bwana Rupert aliwaita wote ofisini. "Fundi, hizi simu zako zinafanya watu wapige kelele. Hospitali si mnada. Nakupa wiki moja, zikiwa hivi hivi, naziondoa."

Kassimu aliongeza sauti ya masikioni, akidhani watu hawasikii vizuri. Wakapayuka vilevile. Akaipunguza. Wakapayuka zaidi. Akabadilisha vinasa sauti vyote vinne. Alikonda kwa mawazo. Chakula cha mchana alikuwa anakisahau kwenye dirisha la karakana mpaka kinapoa.

Lidwina naye alikuwa anafikiri. Yule mama wa kanga alikuwa amepita mbele ya meza yake akitoka, na alikuwa amemsikia analia. Hakuweza kulitoa jambo hilo moyoni. Siku ya Alhamisi, mapokezi pakiwa pametulia, aliuinua mkonga akauweka sikioni bila kupiga namba yoyote. Akapuliza kwenye mdomo wa mkonga. Hakuna kitu. Akakohoa. Hakuna. Ilikuwa kama kusema ndani ya gunia la pamba.

Akapiga karakana. "Kassimu, hii simu imekufa."

"Imekufaje, na tunaongea?"

"Wewe unanisikia. Mimi sijisikii."

"Sijaelewa, mama."

"Simu za zamani ukisema, sauti yako ilikuwa inakurudia kidogo humuhumu sikioni. Kidogo tu. Ndivyo ulivyojua kuwa uko kwenye laini, na ndivyo ulivyojua umesema kwa nguvu kiasi gani. Ukipuliza, unasikia upepo wako. Hii sikio moja limezibwa, na ndani hamna mtu. Sasa mtu afanyeje? Anapayuka mpaka ajisikie."

Lidwina akasikia mkonga unawekwa, tak, na muda mfupi baadaye nyayo zinakuja mbio kwenye korido. Akasimama mbele yake akihema. "Wallahi, mama, nimesoma maelezo ya kila kitu cha simu hizi miezi mitatu. Hilo sikulitilia maanani hata kidogo. Nililizima mwenyewe kwa kudhani ni mwangwi."

"Basi liwashe."

Kesho yake alikuja na simu moja iliyorekebishwa. Lidwina akapuliza, na upepo wake ukamjia sikioni, mkubwa kama dhoruba. "Punguza." Akapunguza. "Bado." Akapunguza tena. Kisha akasema, "Gertruda, Tumsifu Yesu Kristo," kwa sauti yake ya siku zote, akasikia inamrudia, nyembamba, karibu, mahali pake. Akairudia salamu ile, polepole. Kassimu aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi.

Wiki ile wodini watu wakaanza kunong'ona tena, na wengi hawakujua hata kama kuna kilichobadilika. Bwana Rupert alikuja mwenyewe kuuinua mkonga, akasema "halo" mara mbili, akasema ziongezwe mpaka kumi na nne.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Kassimu alikuwa analizunguka. Alimweleza siku ya kufunga simu ya tisa, akiwa amepiga goti chini ya meza ya Lidwina akipitisha waya, na pengine alichagua kuwa chini ya meza makusudi.

"Mama Aidan, hizi simu... wodi inapiga wodi moja kwa moja. Haipiti kwa mtu."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ya kwanza uliniomba namba zote thelathini na nane. Ungezitaka za nini, kama si kuzipa mashine?"

Kassimu akatoka chini ya meza. "Ningekuambia mapema."

"Ungeniambia mapema, ndiyo," alisema Lidwina, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mimi si mtoto. Ningekusaidia hivyohivyo. Lakini ungeniambia."

Siku mbili zilizofuata hakwenda kazini. Alimwambia Sista Noela kwamba mgongo unauma. Alikaa nyumbani kwake akichambua maharage, na Aidan alipompigia simu kutoka Makambako, akamwambia mambo ni salama. Kwa kweli hakuwa na hasira na Kassimu kama alivyodhani atakuwa nayo. Lililomuuma ni kwamba alikuwa ameifurahia ile kazi, miezi ile ya kuhesabu na kupuliza, kuliko miaka mingi ya swichibodi. Na sasa hakujua aomboleze kipi, swichibodi au kazi hii mpya.

Siku ya pili jioni Sista Noela alimtembelea, na Kassimu alikuwa nyuma yake na mfuko wa machungwa.

"Mgongo wako vipi?" aliuliza Sista.

"Mgongo mzima, Sista. Nilikuwa nadanganya."

"Nilijua." Sista akakaa kwenye kigoda. "Nisikilize. Simu za nje lazima zipokelewe na mtu, hilo nimeshamwambia katibu. Mtu anayepiga akilia kwamba mgonjwa wake anazidiwa haambiwi abonyeze namba. Hiyo ni kazi yako mpaka ustaafu. La pili, fundi hapa anasema neno."

Kassimu akakohoa. "Simu ya sita na ya nane zina mlio wa chinichini. Mimi siusikii. Beda hausikii. Muuguzi mmoja anasema anausikia, mwingine anasema hakuna. Nahitaji mtu wa kuniambia upo au haupo."

"Upo," alisema Lidwina. "Kama nzi ndani ya chupa. Nilitaka kukuambia Jumanne, ukaniharibia siku."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Menya machungwa hayo."

Tangu hapo hakuna simu iliyotoka karakana bila kupita sikioni kwake, na kila Jumatatu asubuhi alizipigia zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, akihesabu na yeyote aliyepokea. Wauguzi walilalamika kidogo, kisha wakazoea, na wodi ya watoto ikafanya mchezo: wagonjwa wadogo wakawa wanashindania kuhesabu naye. Si kila kitu kilinyooka. Ya chumba cha kufulia ilikufa kwa mvuke mara tatu, mpaka Kassimu akaifunika na mpira wa tairi. Umeme ukikatika, betri alizoziweka zilidumu saa tatu tu, na Lidwina hakuacha kumkumbusha kwamba swichibodi yake ilikaa siku nzima.

Mwaka huu, mwezi wa saba, kituo kimoja cha afya kidogo huko wilaya ya Tunduru, karibu na kwao Kassimu, kilisikia habari, kikaomba simu tano. Kassimu alipokuja kumuaga, Lidwina alimuuliza nani atazisikiliza zikishafungwa.

"Nitazisikiliza mwenyewe, mama, inshallah."

"Wewe? Usiyemsikia nzi?"

Sista Noela alitoa ruhusa. Kwa miaka yote ile ya kuunganisha watu na Tunduru, Namtumbo, Mbinga na Dar es Salaam, Lidwina hakuwahi kusafiri kwa ajili ya kazi hata siku moja. Alikaa mbele kwenye gari la hospitali, sanduku moja la simu juu ya mapaja, akimuuliza dereva kila wanapopita ni wapi. Mama yake Kassimu, Bi Zabibu, aliwapokea nyumbani kwake Nakapanya, akampa Lidwina kitanda chake mwenyewe na maji ya moto ya kuoga, kwa sababu asubuhi za kule kipindi hicho zina baridi.

Siku ya tatu, simu nne zilikuwa zinafanya kazi. Walipokuwa wanakula ugali na kisamvu barazani, Bi Zabibu alimuuliza mgeni wake kama wataondoka kesho, ili amfungie korosho za kupeleka nyumbani.

"Hatuondoki, dada," alisema Lidwina. "Ile ya tano, ya chumba cha chanjo, bado inakata maneno. Mwanao anasema ni waya. Mimi nasema ni mkonga. Tutajua asubuhi."

"Na ikiwa yeye ndiye mkweli?"

"Nitakubali," alisema Lidwina, akimega ugali. "Lakini atabadilisha mkonga kwanza."